Maziwa Yaliyomwagwa kwa Ajili ya Polisi

Mheshimiwa Naibu Kamishna wa Kaunti, Bwana Chifu, wachungaji mliotuombea mvua isinyeshe leo, Mwenyekiti wa chama chetu cha maziwa, wazee na akina mama wa Mukurweini, ndugu wageni waalikwa: hamjambo. Mimi ni Konstebo Harrison Mbuvi wa kituo cha hapa, na ndimi yule polisi aliyetolewa mtoni. Naona vijana wa bodaboda pale nyuma wameshaanza kucheka, na nyuso zenu nimeziona.

Tumekusanyika kwa sababu ya dada yetu Wachuka, anayekusanya maziwa yenu kwa pikipiki kila asubuhi. Wiki iliyopita alivishwa nishani ya taifa ya ushujaa huko Nairobi, na leo amerudi nyumbani tumwone nayo. Nimeombwa mimi nieleze alichofanya, maana yeye mwenyewe akiulizwa husema, "Si nilimtoa tu."

Basi nianzie wapi? Kwetu Makueni mto ni mchanga. Ukitaka maji unachimba, na yakija kwa fujo unakaa kando, yanapita, unavuka ukipiga mluzi. Kule chuo cha polisi cha Kiganjo walinifunza kwata, shabaha na kuandika taarifa, lakini nani aliwahi kunifunza kwamba mto wa milimani huonekana mpole juu, na chini unavuta kama ng'ombe anayerudi kwa ndama wake? Asubuhi ile ya mvua ya Aprili nilifika kwenye daraja la mbao, nikakuta maji yamelifunika kidogo tu, nikasema haya hata soksi hayalowanishi. Mzee Muchiri, aliyekuwa amesimama ukingoni, aliniita, "Afande, ngoja kwanza." Je, afande husikia? Nilipiga hatua, mbao zikaondoka, nami nikaondoka nazo.

Nilinaswa na mti ulioanguka katikati ya mto. Kuogelea sijui. Nililia, ndugu zangu, nikimwita mama yangu, na yeyote anayesema nilikuwa nikimwita Inspekta ananisingizia.

Wachuka akatokea na mitungi miwili imejaa maziwa ya watu wa upande huu. Nanyi mnajua, hapa mtu akimwaga maziwa anaulizwa na ukoo mzima. Yeye hakungoja kuulizwa. Aliyamwaga yote barabarani, akakaza vifuniko, akaifunga mitungi pamoja kwa ule mpira wa kufungia mzigo, akaingia majini upande wa juu ili mto umlete kwangu. Aliponifikia alisema, "Afande, kumbatia mtungi. Ukinikumbatia mimi tutaenda wote." Katika utumishi wangu sijawahi kutii amri haraka hivyo. Tukaelea na ile mitungi hadi kwenye kona, na Mzee Muchiri na majirani wakatuvuta kwa kamba ya ng'ombe.

Mzee ndiye aliyeuliza kwanza, "Na maziwa iko wapi?" Wachuka akamwonyesha barabara nyeupe. "Ati maziwa yote, juu ya polisi?" Kisha akanitazama ninavyotetemeka, akavua koti lake akanivika, akasema, "Wacha tu. Ng'ombe itakamwa tena jioni." Na ninyi wengine mliopoteza maziwa siku ile, hakuna hata mmoja aliyekuja kituoni kulalamika. Nishani ni ya Wachuka, anastahili kabisa, lakini maziwa yalikuwa yenu, nami nawashukuru kwa moyo wangu wote.

Mheshimiwa, namalizia. Mama yangu Kanini ni mjane, na mtoto wake ni mimi peke yangu. Amesafiri kutoka Makueni na yuko pale mbele, amejifunga leso ya kijani. Leo asubuhi ameniambia, "Mbuvi, mimi nilikuzaa, huyo msichana akakurudisha. Usinichoshe na hotuba, nionyeshe aliko." Nimemweleza habari za itifaki, akanitazama tu vile mama hutazama mtu.

Kwa hiyo nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu, na Mheshimiwa, kwa ruhusa yako, nitavunja itifaki kidogo. Wachuka, njoo hapa mbele na nishani yako. Mama, ndiye huyu. Wachuka, huyu ndiye mama ambaye leo angekuwa hana mtoto.