Papa Ephraïm Tambwe na Kifurushi cha Kama

Baada ya miaka thelathini na tisa ya kazi katika Nyumba ya Historia ya Kasuku, makumbusho ya mtaa wetu hapa Kindu, Papa Ephraïm Tambwe anastaafu tarehe 31 Julai 2025. Aliingia mwaka wa 1986 kama mlinzi wa mlango, kijana aliyetoka Obokote na sanduku moja la bati. Anatoka akiwa mtunzaji mkuu, cheo ambacho hakukiomba, na ambacho mpaka leo akiitwa kwacho hugeuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine.

Kamati iliniagiza mimi, karani, niandike maneno haya kwa ajili ya programu ya sherehe, yasomwe pia kwa sauti. Mwenyekiti wetu, Mama Josiane, alisema yawe mafupi na yenye furaha. Nimejitahidi. Pale ambapo furaha imepungua, naomba msome mpaka mwisho kabla ya kunilaumu. Sikuandika jambo lolote bila ruhusa ya mwenye jambo hilo.

Wageni wetu huona vyumba viwili, kabati za vioo na maandishi chini ya kila kitu. Kazi yenyewe hawaioni. Jumatatu, mlango ukiwa umefungwa, Papa Ephraïm huvitoa uani vitu vyote vya mti, huwasha moto wa majani mabichi na kuvipitisha kwenye moshi, kama mama yake alivyofanya na mahindi ya mbegu, ili mchwa wasivisogelee. Majirani walipozoea kuuona moshi huo, walianza kuleta kambale wao waokwe hapo hapo. Hakumfukuza mtu. Ndiyo sababu wanafunzi wanaokaribia kinyago chetu kikubwa husema wamesikia njaa.

Wanafunzi hao ndio waliomwuliza siku moja, "Papa, na weye uko wa musée?" Akajibu bila kucheka, "Miye njo chombo ya kwanza. Usiguse."

Kuna pia habari ya kinu cha mpunga. Mama mmoja kutoka Kibombo alipokiona alisimama, akashika kiuno na kusema kwa sauti, "Hii njo ya koko yangu, ya bibi yangu! Nani aliwapatia?" Papa Ephraïm hakubishana naye. Alikwenda sokoni, akarudi na mpunga ndani ya kofia yake, na yule mama akatwanga katikati ya chumba cha maonyesho huku wenzake wakimpigia makofi. Kamati ya wakati huo iliweka kibao kinachokataza kugusa vitu. Kibao hicho bado kipo ukutani. Kwa sababu ambazo Papa Ephraïm haelezi, kimegeuzwa kutazama ukuta.

Vita vilipofika Kindu, wengi walidhani nyumba yetu imekwisha. Maduka ya jirani yalivunjwa milango na hata mabati ya paa yalibebwa. Papa Ephraïm, ambaye hakuwa tena na mkubwa wa kumpa amri wala mshahara, aliamua kuvigawa vitu kwa familia za mtaa, kila familia kitu kimoja au viwili. Alivisafirisha mchana kweupe, juu ya baiskeli, chini ya mafungu ya sombe, majani ya muhogo, kwa kuwa usiku mtu mwenye mzigo alipigwa risasi kabla ya kuulizwa.

Ngoma kubwa haikufichika chini ya sombe. Kwenye kizuizi cha barabarani askari mmoja alimsimamisha. "Muzee, hii ngoma ya nini?" "Ya kanisa, chef." "Basi piga tusikie." Papa Ephraïm hajawahi kuimba kwaya hata siku moja. Alipiga mdundo pekee alioujua, wa kumsindikiza bibi harusi, na askari akacheza mpaka bunduki ikamtoka begani. "Kanisa yenu iko muzuri," alisema. "Pita."

Kwa ujasiri huo, karibu kila kitu mtakachokiona leo katika vyumba vyetu kilirudi. Ngoma ilirudi na kinyago kikarudi. Kinu kilirudi kikiwa laini zaidi, maana familia iliyokihifadhi ilikitumia.

Hapa wasifu wa kawaida ungekwenda moja kwa moja kwenye shukrani, na mimi niliandika hivyo. Nilipomsomea Papa Ephraïm rasimu ya kwanza, aliisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Na Mardochée iko wapi ndani ya hii karatasi?" Nilimwambia kwamba Kamati inataka maneno ya furaha. Akasema, "Ukiandika mazuri tupu, mutoto yangu, mimi siji. Mutafanya feti bila mimi. Nitabakia kwangu kukula muhogo." Nilirudi kwa Mama Josiane na karatasi yangu. Akasema, "Andika anachotaka. Miaka yake ni yake."

Basi naandika.

Kitu kimoja hakikurudi. Kilikuwa kifurushi kutoka Kama, upande wa Pangi. Miaka mingi kabla ya vita, familia moja ya huko ilituletea vazi la babu yao la kuchezea katika sherehe za wazee: kofia ya manyoya iliyoshonewa simbi, sketi ya rafia, mkuki mfupi, na kibuyu kidogo cha dawa kilichokwisha kukauka. Katika makumbusho hakukuwa na kitu kizuri kuliko hicho. Kwa askari aliyekuwa akisaka Mai-Mai, wapiganaji wa msituni wanaojikinga kwa dawa za jadi, nyumba kwa nyumba, kilikuwa ushahidi.

Papa Ephraïm anasema hilo halikumjia akilini. Aliogopa wezi, aliogopa mvua. Alilifunga vazi ndani ya turubai, akalikaza kwa mpira wa baiskeli na kulipeleka kwa rafiki yake Mardochée, fundi wa baiskeli, aliyekuwa na karakana ndogo nyuma ya soko na dari pana juu yake. Hakumwambia ni nini. "Ni manguo ya zamani ya musée," alisema. "Usifungue, iko na vumbi." Mardochée alicheka. "Vumbi ya mababu? Basi itanifundisha adabu."

Mwezi wa Novemba mwaka wa 2002, mji ukiwa umezingirwa na njaa imeingia kila nyumba, wenye silaha waliokuwa wameushika mtaa walipita wakipekua. Walikikuta kifurushi darini. Walimvika Mardochée ile kofia kichwani, mchana, mbele ya wateja wake, wakamtembeza nayo barabarani. Hajaonekana tena. Kaburi lake halijulikani.

Walipita naye mbele ya makumbusho. Papa Ephraïm alikuwa ndani, karibu na dirisha. Anasema angeweza kutoka na kusema: hiki ni chetu, si cha huyu mtu. Hakutoka. Ameniomba niandike sentensi hiyo bila kuilainisha. Maneno yake ni haya: "Nilisikia sauti yake. Alikuwa anasema, 'Ni manguo tu, chef. Ni manguo tu.' Alikuwa anawaambia uongo wangu. Hakujua kama ni uongo. Nilimupatia kifo, na sikumwambia jina yake."

Tangu hapo, kila mwezi wa Novemba, Papa Ephraïm huvaa shati jeupe na kwenda kwa mjane wa Mardochée, Mama Émilienne, ambaye bado anakaa nyuma ya soko, kuomba msamaha. Mama humpokea mlangoni. Husema, "Nimesikia," kisha hurudi ndani. Mahali pa vazi la Kama, katika chumba cha pili, pamebaki ubao mtupu. Kamati ilipotaka kutundika ramani pale, Papa Ephraïm alikataa, na hiyo ndiyo mara pekee ninayoijua aliyopandisha sauti kazini.

Jambo hili si la zamani tu. Mwanzoni mwa mwaka huu, habari za vita zilipoanza tena kutufikia, na pikipiki za Kasuku zikawa zinabeba magodoro mengi kuliko abiria, Kamati ilimwuliza kama tuvigawe vitu kwa majirani, kama alivyofanya yeye. Alijibu, "Safari hii hapana. Wakikuja, wakute kila kitu mahali pake. Mti ni mti. Sitampelekea muntu kifo ndani ya turubai tena." Kamati haijaamua. Kuanzia tarehe mosi Agosti funguo zitakuwa kwangu, na sitaficha kwamba swali hilo linanitia hofu.

Nilipomaliza kuandika habari ya Mardochée, sikuthubutu kuipeleka kwa mpiga chapa kabla mwenye msiba hajaisikia. Nilikwenda kwa Mama Émilienne Jumamosi iliyopita. Alikuwa anapepeta mchele kwenye ungo. Nilijieleza kwa maneno mengi mno. Akanikatiza, "Mutoto, kaa. Soma polepole."

Nilisoma. Ungo uliendelea kwenda juu na chini. Nilipofika pale palipoandikwa kwamba Mardochée hakujua alichokuwa akikihifadhi, ungo ulisimama.

"Hapo. Rudilia."

Nikarudia.

"Nani alisema hakujua?"

Nilimwambia ndivyo alivyosema Papa Ephraïm.

"Ephraïm alikuwa ndani ya nyumba yangu? Mardochée alifungua ile kitu siku ile ile. Fundi wa baiskeli, unamuletea kitu imefungwa na mpira, unamwambia asifungue! Alivaa kofia, akacheza hapa, mbele ya ile mlango. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaona mukuki, nikaacha kucheka. Nikamwambia, rudisha leo. Akasema, 'Nirudishe kwa nani? Ephraïm iko na watoto sita, na kwake njo wanapekua mbele ya kwetu. Ibakie hapa.' Akafunga tena mpira."

Nilimwuliza, kwa woga, kuhusu yale maneno aliyoyasema barabarani. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzito.

"Fikiri, mutoto. Muntu mwenye hajui, wakimushika atasema nini? Atasema, 'Hii si yangu, ni ya Ephraïm wa musée.' Njo anataja jina. Mardochée alisema manguo tu. Hakutaja muntu, hakutaja musée. Mbele ya dirisha ya rafiki yake, hakutaja. Ile haikukuwa uongo ya Ephraïm. Ilikuwa ya mume yangu."

Nilimwuliza kwa nini hakusema hivyo miaka yote hii. Alichagua vijiwe viwili kwenye mchele, akavitupa nje.

"Hakuniuliza. Alikuwa anakuja na shati yake nyeupe, anaomba musamaha, analia. Muntu analia mbele yako, utamwambia nini? Na miye nilikuwa na hasira. Niliona anamugeuza mume yangu kuwa mujinga mwenye kudanganywa, na nikamwacha abebe hivyo. Hapo na miye nilikosa." Kisha akasema, "Futa ile mustari. Andika alijua."

Sikuufuta, kwa sababu ndivyo Papa Ephraïm alivyoamini kwa miaka mingi, na hilo nalo ni sehemu ya maisha yake. Lakini naandika hapa, kwa idhini ya mjane na kwa herufi zilizo wazi: Mardochée alijua.

Nilimwuliza pia kuhusu dirisha. Ungo ukaanza tena. "Ile ya dirisha ni yake na Mungu," alisema. "Miye sina neno." Nimeiacha kama alivyoisema.

Papa Ephraïm, haya unayasikia leo kwa mara ya kwanza, pamoja nasi sote. Nisamehe kwamba sikukuonyesha mapema. Mama Émilienne alinikataza. Alitaka yasomwe mbele ya watu, kwa sababu mume wake alichukuliwa mbele ya watu.

Kwa niaba ya Kamati na ya familia zote za Kasuku zilizolala na historia yetu chini ya vitanda vyao, tunakushukuru kwa moshi wa kila Jumatatu, kwa mpunga ndani ya kofia, kwa ngoma uliyoipiga kizuizini, na kwa kukataa tuandike mazuri matupu. Tunasikitika kukuaga. Tunasikitika zaidi kwamba neno dogo kama hili lilichelewa kukufikia, nalo lilikuwa kwenye nyumba uliyoitembelea kila mwaka.

Mama Émilienne hakuahidi kuja kwenye sherehe. Anasema feti zina makelele. Alinipa ujumbe nikufikishie neno kwa neno: "Mwambie aache kuniletea musamaha kila Novemba. Akuje siku ya kawaida tu, aniulize Mardochée alikuwa muntu wa namna gani. Tangu walimubeba, hakuna mwenye aliniuliza."

Basi, Papa, tunakuombea afya njema, usingizi mzuri, na miguu yenye nguvu ya kufika nyuma ya soko. Na yeye tunamwombea maisha marefu, akusimulie mpaka amalize.