Bi Saa na Saa za Watafiti

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya takwimu, Bi Saa anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake halisi limo kwenye barua ya kustaafu. Sisi wa ghorofa ya pili hatulitumii, na yeye akiitwa kwa jina hilo hudhani ameitwa mtu mwingine.

Kwa wasioijua kazi yetu: kila baada ya miaka mitatu tunapeleka madodoso vyuoni, viwandani na kwenye vituo vya majaribio nchi nzima, tukiuliza ni watu wangapi wanatafuta maarifa mapya. Bi Saa alianza akiwa karani wa kubandika stempu. Anaondoka akiwa mkuu wa kitengo, na bado akipita mezani hunyoosha kona ya bahasha iliyokunjika.

Mwaka wake wa kumi na mbili kazini, ripoti ilikuwa imeshasambazwa, idadi ya watafiti imepanda, na kila mtu anatupongeza. Akiwa anapanga madodoso kwenye majalada, aliona maneno ya penseli pembeni mwa karatasi moja, mwandiko wa mhadhiri wa kemia: "Nafundisha madarasa sita. Utafiti naufanya Jumamosi, nikiipata."

Akakaa chini. Tulikuwa tumemhesabu mhadhiri yule kuwa mtafiti wa wiki nzima, yeye na wenzake wote. Na aliyeandika mwongozo wa kuhesabu alikuwa Bi Saa mwenyewe.

Kwa wiki tatu alipiga simu ya kwenye korido, mhadhiri mmoja baada ya mwingine, mia nne na kumi na wawili, akiuliza swali moja: saa ngapi kwa wiki? Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Mimi nilikuwa mgeni ofisini, meza yangu ikitazama korido. Nilidhani saa yake ya mkononi imeharibika.

Alipojumlisha saa hizo na kuzigawa kwa saa za wiki nzima ya kazi, idadi ya watafiti ilishuka ikabaki theluthi. Akaipeleka kwa mkurugenzi.

"Unajua waziri ameshaisoma ile ya kwanza bungeni?"

"Najua, mzee. Kosa ni langu, si la kitengo. Tusahihishe."

Masahihisho yalitoka na jina lake chini, kwa ombi lake. Magazeti hayakutuonea huruma. Yeye akapelekwa stoo ya majalada miezi kumi na minne. Anasema siku ya kwanza alilia, kisha akaona vumbi limeyazidi machozi, akachukua ufagio. Mpaka leo tukitafuta dodoso la zamani tunalipata kabla chai haijapoa.

Lakini takwimu ile ndogo ilitembea. Wakuu wa vyuo waliisoma wakaelewa kwamba watu walikuwepo, ila muda ndio haukuwepo. Vyuo vitano vikatenga siku mbili za wiki zisizo na vipindi. Bi Saa alirudishwa kitengoni, na katika duru iliyofuata mhadhiri yule wa kemia alilileta dodoso lake mwenyewe, limejazwa saa kumi na sita kwa wiki. Alisimama mlangoni akitaka tu kumwona aliyempigia simu.

Tabia ya kuuliza haikumtoka. Mchumba wa bintiye alipokuja kujitambulisha kuwa mhandisi, aliulizwa ni saa ngapi za uhandisi na ngapi za vikao. Ndoa ilifungwa, ila mkwe bado anajieleza.

Wahenga walituonya kuhusu kuziba ufa. Yeye alibomoa ukuta mzima uliokuwa ukisifiwa, akaujenga upya mbele ya watu. Nimefanya kazi naye miaka kumi na tisa na bado sijui ujasiri ule aliutoa wapi.

Dada, asante. Tunakuombea afya, na asubuhi ndefu pamoja na shemeji. Duru mpya inaanza mwakani. Ukurasa unaoeleza kosa lako tumeuweka mwanzoni mwa mwongozo, kama ulivyoagiza, ili kila mgeni ausome kabla ya kushika kalamu. Nitausoma mimi kwanza. Maisha yako yawe mema.