Kufuli Jekundu la Mama Kando

Wapendwa wasomaji wa jarida letu, salamu nyingi. Hamjambo? Na wa nyumbani wanaendeleaje? Kama kuna anayeuguza mtu, Mungu amjalie nafuu. Sisi wa stoo tu wazima, ila mbavu zinauma kwa kicheko, na sababu yake ni mama mmoja.

Ijumaa hii, tarehe 28, fundi mkuu wetu wa umeme anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda hiki cha sabuni. Jina lake halisi wanalo ofisini. Kwetu ni Mama Kando.

Jina hilo lina chanzo. Alipokuwa bado mgeni kazini, fundi aliyemfundisha alifungua mlango wa swichi kuu ili aikague, umeme ukiwa ndani, naye kasimama mbele yake kabisa. Bisibisi ikateleza. Moto ukaruka kama radi iliyofungiwa chumbani. Mwenyezi Mungu alimponya yule mzee, lakini mikono yake haikushika tena kazi. Tangu hapo Mama hafungui mlango wa umeme mtu akiwa mbele yake. "Simama kando, baba. Umeme haukujui kwa sura." Hata mkurugenzi aliambiwa hivyo, akasogea.

Ni yeye aliyeomba milango iwekwe vidirisha vya kamera ya joto, hata sasa viungo vya nyaya vinakaguliwa bila kufungua kitu. Panapolazimu kufungua, umeme unazimwa, kila fundi anatia kufuli lake kwenye swichi, kisha nyaya zinapimwa kuhakikisha zimekufa, na anayepima amevaa koti zito na kofia yenye kioo cha uso. Vijana walipolalamika kwamba wanaiva ndani ya koti, aliwajibu, "Iveni taratibu, wanangu. Kuna kuiva kwa ghafla."

Kufuli huondolewa na mwenyewe tu. Hapo ndipo palipokuwa na hofu yake. Kila akija kuchukua glavu za mpira, alininong'oneza, "Dada, nikishaondoka, siku wakubwa wakiwa na haraka watakata kufuli la mtu, na mtu mwenyewe yumo ndani." Nami nilimwambia tuombe.

Basi, Jumatano iliyopita. Mume wake ni fundi cherehani, na mganga hajigangi: gauni la sherehe lilikuwa halijakamilika. Mchana, umeme umezimwa kwa ukaguzi, mumewe alimwita akalijaribu. Mama akaenda mbio, ufunguo wa kufuli lake mfukoni, simu kaiacha kabatini. Mafundi walipomaliza, kila mmoja akatoa kufuli lake. Likabaki moja, jekundu.

Sabuni ikaanza kuganda kwenye matangi. Bosi wa uzalishaji akaja stoo mwenyewe, akachukua mkasi wa kukatia chuma. Nikamfuata. Mafundi walikuwa wamejipanga mlangoni pa chumba cha swichi.

"Mama yuko kwa shemeji," bosi akasema. "Nimemwona akitoka getini."

"Kutoka umemwona, bosi. Na kurudi?"

"Si mmetazama humo ndani?"

"Tumetazama. Lakini kufuli ni lake."

Bosi akatuangalia mmoja mmoja, akanirudishia mkasi, akapindua ndoo, akaikalia. "Haya. Tumngoje bibi harusi."

Mama alifika akihema, kavaa gauni lenye mkono mmoja, pini kila mahali, akijua leo ni leo. Alipoliona kufuli lake zima, na sisi wote tumesimama kando ya mlango, bosi na ndoo yake pia, alicheka mpaka pini zikamchoma. Machozi yakamtoka. Sabuni ya siku ile ilitoka na mabonde. Tuligawiwa, na tunaiogea kwa furaha.

Mama Kando, ahsante kwa kuturudisha kwa watoto wetu kila jioni, nyusi zikiwa mahali pake. Mungu akupe afya, usingizi mtamu, na wajukuu wasiochokonoa soketi. Uishi vyema, mama yetu.

Jambo moja tu. Jana ulipokuja kuaga, ulilifunga kufuli lako kwenye msumari wa stoo, ukaondoka na ufunguo. Liko palepale, na unajua hatutalikata. Tafadhali tujibu upesi: unakuja lini kulifungua?