Sauti ya Laurencia Haisomi

Nyuma ya stendi ya Karatu, pale magari ya watalii yanapojaza mafuta kabla ya kupanda kuelekea lango la Ngorongoro, lipo benchi refu la mbao za mkaratusi lililoegemezwa kwenye kibanda cha fundi Modest. Benchi hilo halijawahi kukosa watu, wala watu wake hawajawahi kukosa hasira. Asubuhi huanza na vumbi, wakaja kwenye bei ya mbolea, wakahamia kwenye mpira, na birika la Doreen linapokaribia kuisha kahawa huwa wamekwisha kumfukuza kazi kila mwenye cheo duniani. Lakini Ijumaa hiyo hasira ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Patrisi, mwalimu wa kwaya kutoka Rhotia, kijana aliyefunga shati hadi kifungo cha shingo, akakaa wima katikati ya benchi huku ameshika kwa mikono miwili diski nyeusi ya kompyuta, ndogo kama kitabu cha sala, mfano wa mtu aliyeachiwa mtoto mchanga wa mwenzake.

Ndani ya diski hiyo ilikuwamo sauti ya Laurencia. Wanakwaya wengine wote walikuwa hai na wangeweza kuimba tena wakati wowote. Laurencia alikuwa amezikwa mwaka uliopita. Kesho yake ilikuwa misa ya kumbukumbu, na mama yake, Cresensia, alikuwa ameomba jambo moja tu: watu wakishakula, mtoto wake awekwe aimbe. Mpiga picha aliyeirekodi kwaya alikwisha kufuta nakala zake ili kupisha harusi za watu. Iliyosalia ilikuwa hiyo moja, nayo ilitunzwa na mama mwenyewe tangu siku ya mazishi. Asubuhi mjukuu wake, Witness, aliileta kanisani imefungwa kwenye kitambaa safi. Patrisi akaichomeka kwenye kompyuta, na kompyuta ikakaa kama haikuguswa na mtu.

— Haisomi, — alisema Modest, ambaye benchi zima lilimwita Mita kwa sababu ya kile kipimo cha umeme kilichoning'inia shingoni mwake hata siku za ibada.

— Haisomi maana yake nini? — Patrisi alimkabili. — Sema wazi, fundi, benchi lote lisikie.

— Maana yake kompyuta haijui kwamba kuna kitu kimechomekwa. Nimebadilisha waya, mwalimu. Nimebadilisha tundu. Nimejaribu kwenye kompyuta yangu, nikaenda kuazima ya yule jamaa wa stationari. Taa inawaka, halafu basi.

— Taa ikiwaka si nzima hiyo? — alidakia Mzee Yohani.

Mzee Yohani alikuwa ameendesha watalii tangu enzi za ujana wake mpaka macho yalipomsaliti, na katika maisha hayo yote hakuwahi kukutana na ubaya usioanzia kwenye springi. Ndiyo maana walimwita Mzee Springi.

— Mzee wangu, hata gari lako lilikuwa linawaka taa siku ulipoliacha kwenye mteremko wa Kreta ukarudi kwa mguu.

— Usinichezee, Mita! Gari lile lilikata springi. Na hii nayo imekata springi. Imeletwa na nini kutoka Rhotia? Bodaboda! Na yule kijana wa bodaboda akiona tuta anaongeza mafuta. Hebu iweke hapa niigonge kidogo ubavuni, springi irudi kwenye kiti chake.

— Usiiguse! — Patrisi aliikumbatia diski kifuani. — Mzee Yohani, nakuheshimu kama baba yangu, lakini ukiigonga hii mimi na wewe hatutasalimiana tena.

— Khee! Mwalimu leo ana pembe, — alisema Doreen, akamimina kahawa.

Modest aliichukua diski kwa upole, akaichomeka tena, akaisogeza sikioni. Wote wakainama. Kutoka ndani ukasikika mlio mdogo mkavu, tik, tik, tik, kisha kimya, kisha tik, tik, tena.

— Lete kwangu, — alisema Sairowua, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa akishuka kutoka Ngorongoro kila siku ya mnada, na sasa jina la mnada lilikuwa ndilo jina lake. Aliweka fimbo chini, akajitanda vizuri shuka lake, akasikiliza kwa jicho moja lililofumbwa. — Hii imemeza kitu.

— Imemeza nini, Mnada? Mfuko wa nailoni?

— Mnacheka. Ng'ombe mwenye tumbo kama hili anasikika hivihivi, nyuma ya mbavu. Huyo mpiga picha wenu anarekodi misa Jumapili, anarekodi disko Jumamosi, anatia vyote mahali pamoja. Sasa vinapigana humo ndani. Ningekuwa mimi ningeipa magadi.

— Mnada, mtu yeyote asiipe diski hii magadi! — Modest alipiga kelele. — Huo mlio ni sindano ya ndani. Inatafuta mahali pa kusoma, haipati, inarudi kuanza upya. Kila ikitafuta inazidi kuumia. Kwanza niichomoe... Ngoja. Ngojeni, ngojeni. Imetokea.

Kwenye kioo cha kompyuta kilikuwa kimejitokeza kidirisha cheupe chenye maneno ya Kiingereza na vitufe viwili. Patrisi alitaka kumshukuru Mungu kwa sauti, akajizuia, kwa kuwa uso wa Modest haukuwa uso wa mtu mwenye habari njema.

— Inasemaje?

— Inauliza kama iiandae diski ili itumike.

— Si uiambie ndiyo! — Sairowua alikwisha kunyoosha kidole kuelekea kwenye kioo. — Imeuliza kwa adabu kabisa.

Modest akaudaka mkono wake hewani. — Ukisema ndiyo, inafuta kila kitu. Inaanza upya kama shamba lililolimwa.

— Kwa hiyo inaniomba ruhusa ya kunimaliza? — aliuliza Sairowua.

— Ndiyo.

— Tena kwa adabu?

— Kwa adabu.

— Wezi hawa! — Mzee Springi alisimama, kikombe kikamwagikia suruali, wala hakukitazama. — Nilijua! Hao waliotengeneza hii kitu ndio wale wale. Nimewabeba miaka mingi, nawafahamu. Anakuja mtu hapa, anakurekodia bibi yako anaimba, anakurekodia mnavyocheza, anakupigia picha mpaka kuku, halafu anaondoka. Ukitaka kusikia sauti ya bibi yako mwenyewe unaambiwa bonyeza ndiyo, bonyeza hapana. Na mkibonyeza vibaya, kosa lenu!

— Kweli kabisa, — alisema Doreen. — Na ule mnara mpya wa simu kule mlimani umewashwa lini? Tangu uwashwe hata maziwa yangu yanakatika.

— Maziwa yako yanakatika kwa sababu unayachanganya na ya jana.

— Nani kasema? Mnada, toka kwenye kahawa yangu!

— Mimi nasema ni ile kwaya ya kigango cha jirani, — Sairowua aliendelea, akikishika kikombe kwa nguvu zaidi. — Walishindwa mashindano kwa sababu ya sauti ya yule binti. Mtu akishindwa na aliye hai anasubiri mwaka ujao. Akishindwa na marehemu, atafanya nini? Ataitafuta sauti yenyewe.

Ingekuwa siku nyingine, Patrisi angecheka, au angewaeleza kwa sentensi zilizonyooka kwamba mnara hauna ugomvi na maziwa. Siku hiyo hakuweza. Alikuwa amesimama ubavuni mwa Laurencia miaka yote ile, akimwonyesha kwa kidole mahali pa kupanda, naye Laurencia akipanda kabla kidole hakijanyanyuka. Sasa jambo hilo zima lilikuwa limefungiwa ndani ya kidude kinachogongagonga kama mtu aliyesahauliwa stoo. Lazima awepo aliyekosea. Haiwezekani kitu cha namna hiyo kikaharibika bila mtu.

— Fungua, fundi, — alisema.

— Nafungua ganda la nje tu. Kile chuma cha ndani sikigusi, hicho ni cha mafundi wa Arusha wenye chumba kisicho na vumbi. Hapa nikikifungua, Karatu yote inaingia humo.

Alilegeza skrubu, akalitenga ganda. Kabla hajasema neno, pua ya Doreen ilikuwa imekwisha kusema.

— Inanuka moshi!

Wakapokezana. Mzee Springi alinusa, Sairowua akanusa mara mbili, Patrisi akapitisha kidole pembezoni mwa chuma kikatoka na masizi. Modest alichukua miwani yake, akatazama kwa muda mrefu. Upande wa ndani wa ganda, pembe moja ya plastiki ilikuwa imelegea na kujikunja kwa joto.

— Hii imepata moto, — alisema polepole. — Siyo moto wa umeme. Moto wa kuni.

Benchi likalipuka.

— Wameichoma!

— Sikuwaambia? Sikuwaambia mimi?

— Mtu amechukua sauti ya marehemu akaitia motoni! Yaani mtu mwenye mama!

— Na yule mama wa watu ameitunza mwaka mzima, masikini, halafu shetani mmoja anaingia nyumbani mwake...

— Kwetu, — Sairowua alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha katika sauti yake, — mtu wa hivi anakaa mbele ya wazee wa rika lake, anatoa mtamba. Siyo ndama mgonjwa. Mtamba mzima asiye na kilema. Anampeleka mwenyewe kwa yule mama, kwa mkono wake, mchana kweupe.

— Mtamba ni kidogo! — alinguruma Mzee Springi. — Asimame uwanjani kwa kanisa. Atazamwe. Mimi mwenyewe nitamshika ukosi ili asiiname.

Patrisi alisimama. Hakuwa mtu wa kupaza sauti nje ya wimbo, lakini kifua chake kilikuwa kimefundishwa kufikisha neno hadi mlango wa nyuma wa kanisa, na neno lake likafika hadi kwenye meza za nyanya ng'ambo ya barabara.

— Sikilizeni. Kesho, mbele ya waumini wote, nitamtaja. Nikimjua leo, nitamtaja kwa jina lake na jina la baba yake. Awe mkubwa, awe mdogo, awe ndugu wa marehemu, sitamstahi. Aliyeichoma sauti ya Laurencia ajue kwamba amemzika mara ya pili!

— Hapo sawa! — Benchi likapiga makofi.

— Mwalimu, nimekusikia tangu kule kwenye nyanya, — ikasema sauti nyuma yao. — Unamgombeza nani na jua hili?

Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, amejifunga kitenge na kubeba kanga begani, kapu mkononi lenye mchele na vitunguu vya kesho. Patrisi alimtambua kabla hajageuka.

— Mama Cresensia. Shikamoo.

— Marahaba, mwanangu. Shikamoo, mzee Yohani. Hamjambo nyote?

— Hatujambo, Yeyo, — Sairowua alimwitikia kwa heshima ya kwao, kama anavyoitwa mama, akampisha benchini.

Mama hakukaa. Alikuwa ameona chuma kilicho wazi mezani na ganda pembeni yake.

— Jamani. Mmemvua nguo?

— Tunamtibu, mama, — alisema Modest.

Akasogea, akainama, akanusa kama walivyonusa wao. Kisha uso wake ukatulia, hata ukawa na tabasamu dogo la mtu aliyekuta harufu ya nyumbani kwake mjini.

— Ah. Huo moshi wangu usiwatishe. Kabatini niliogopa panya, na kuta zetu wakati wa ukungu zinalia maji. Nikakiangika juu ya mafiga, palepale ninapoangika mahindi ya mbegu. Mbegu yangu haijawahi kuguswa na mdudu hata mmoja. Na jioni nikiwasha moto namwona yuko pale, tunaongea.

Kikombe cha Mzee Springi kilibaki kati ya meza na mdomo. Sairowua aliokota fimbo yake, akaanza kuikagua kana kwamba ndiyo kwanza ameinunua. Doreen akaongeza kahawa kwenye kikombe kilichojaa, ikafurika, akaendelea kumimina.

— Mbona mmenyamaza? — Mama aliwazungusha macho mmoja mmoja, akaishia kwa Patrisi. — Mwalimu. Kwani ule moshi nao una ubaya?

Patrisi akaligeuza ganda ili ile pembe iliyojikunja isionekane. Aliyejibu alikuwa Mzee Springi, ambaye hajapata kukubali kosa lolote lisilo la springi.

— Hapana, mama. Moshi hauna neno. Ni waya. Waya wenyewe mbovu.

— Waya tu?

— Waya, — alisema Modest, aliyekuwa amebadilisha waya tangu asubuhi, akiyakaza macho yake kwenye skrubu. — Ila dawa yake haipo hapa. Itabidi tumpeleke Arusha, kwa wataalamu. Labda watamtoa. Kesho hatawahi.

Mama aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa. Kesho ilimpita usoni kama kivuli cha wingu kinavyopita shambani, kisha ikaondoka.

— Basi kesho mtamwimbia ninyi. Mimi nangoja, nimezoea kumngoja. Alikuwa akichelewa mazoezini kwako, mwalimu, hata kuku wanalala hajarudi.

Akaishusha ile kanga ya begani, akaitandaza mezani mbele ya fundi na kuinyoosha mikunjo kwa kiganja, tayari kukifungia kile chuma kwa safari.

— Sasa niambieni jambo moja, ninyi mliosoma, — alisema. — Akirudi kutoka Arusha, nimrudishe palepale?