Fomu Mbili, Kifuniko Kimoja

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, nje ya duka la fotokopi, na ukikaa hapo unaitazama ofisi ya uhamiaji ng'ambo ya barabara mpaka unajua ni kioo kipi kina ufa. Wenye benchi ni watatu. Kuna Stempu, mzee anayechambua barua posta. Kuna Kufuli, fundi wa funguo. Na kuna Mama Pasi, anayefua na kupiga pasi nguo za watu wa maofisini. Kahawa ni chupa moja na kikombe ni kile kifuniko chake, basi, hakuna kingine, na utaratibu wa hapo ni kwamba aliyeshika kifuniko ndiye anayesema, mwingine akidakia anaambiwa angoje zamu. Siku hiyo, saa nane na nusu mchana, alikaa nchani mwa ubao mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, bahasha mbili mapajani, na uso wa mtu anayengoja kung'olewa jino.

Hakukaa kwa kupenda. Alikuwa na karatasi moja ya kutoa nakala, mashine imekwama, mwenye duka kamwambia avumilie kidogo. Akawaamkia wakubwa, wakaitikia, Mama Pasi akamuuliza una nini mwanangu, na yeye, ambaye hakuwa amesema na mtu mzima tangu asubuhi, akayamwaga yote kwa pumzi moja. Mume wake anafundisha hesabu chuoni, mkataba wa miaka miwili, imebaki miezi kumi na moja, na kibali chao cha kuishi kimefungwa kwenye mkataba, kwa hiyo siku ukiisha na wao wamekwisha. Mwaka huu maombi ya ukaazi wa kudumu yanafungwa leo saa kumi. Njia ni mbili na unaruhusiwa moja tu, ukipeleka fomu mbili wanazitupa zote. Njia ya mwajiri inajibiwa kwa miezi mitatu, ila inataka barua ya mkuu wa idara kwamba kazi itaendelea, na mkuu wa idara ameandika kwamba "inatarajiwa kuendelea". Njia ya pointi haimtaki mwajiri, wanakuhesabia elimu na umri na lugha, lakini jibu linakuja baada ya mwaka na nusu.

— Na mwenyewe yuko wapi? akauliza Kufuli.

— Yuko darasani mpaka saa kumi na moja. Kazijaza zote mbili, akaniambia nichague mimi, kwa sababu yeye akipiga hesabu zinamwambia tukate tamaa.

Wakatikisa vichwa. Stempu akamuuliza mtoto ana umri gani.

— Miezi kumi na mitatu, mzee. Yeye na mkataba walianza mwezi mmoja.

Alisema hivyo, maana usiku na mchana lilikuwa hilo tu analowaza, kwamba mtoto ataendelea na mkataba hautaendelea.

Kifuniko kilikuwa kwa Stempu, kwa hiyo Stempu akaanza. Alieleza taratibu, kama mtu anayesoma anwani, kwamba miaka yote aliyokaa posta amegundua bahasha nyembamba hufunguliwa asubuhi, wakati watu bado wana roho nzuri, na nene hufunguliwa mchana baada ya kula, wakati wana usingizi na hasira. Fomu ya pointi ina vyeti, nakala na tafsiri za vyeti. Nene hiyo.

— Mwajiri, binti. Barua moja, bahasha nyembamba. Umemaliza.

Yule mama akafungua mdomo. Kulikuwa na kitu alichokisoma kwenye fomu ya pointi, ukurasa wa nne, chini kabisa, kwa herufi ndogo, amekisoma mara tatu jikoni na mara moja njiani, na alitaka kuwauliza kama amekielewa sawasawa, maana yeye aliishia sekondari na karatasi za serikali zinamtoa jasho. Lakini kifuniko kilikuwa kimeshahamia kwa Kufuli.

Kufuli alisema mambo ya bahasha ni ya watoto. Ukweli ni kwamba mlango wowote wenye matundu mawili ya ufunguo, moja ni la kukupima. Mkuu wa idara na watu wa uhamiaji wanajuana, ndiyo maana ofisi zao zina vitasa vya aina moja, yeye mwenyewe kavifunga. Ukichukua pointi, jioni hiyohiyo chuo kinajua kwamba mumeo hana imani nacho, na mtu asiye na imani haongezewi mkataba.

— Kwa hiyo mwajiri? akauliza yule mama.

— Sijasema hivyo, shemeji. Ukichukua mwajiri wanajua huna pa kwenda.

Mama Pasi akapokea kifuniko, akapuliza, akanywa. Yeye hasomi fomu, alisema, anasoma mashati. Afisa anayekataa watu hutoka jasho kwapani, hata awe na moyo mgumu vipi. Mwezi uliopita mashati ya dirisha la mwajiri yalimjia yamelowa mpaka kiunoni, na ya dirisha la pointi makavu kabisa.

— Kwa hiyo pointi, mama?

— Mwanangu, makavu kwa sababu mwezi uliopita huyo bwana alikuwa likizo.

Saa tisa ikapita. Mashine ya fotokopi ilikohoa, ikanyamaza. Kifuniko kilizunguka mara ya pili na mawazo yakazidi kupanda. Stempu akashauri mume augue siku ya mwisho ya mkataba, kwa kuwa mtu akiwa hospitali mkataba hauwezi kuisha, unamngoja mlangoni. Mama Pasi akataka apatikane mtoto wa pili haraka, ili familia iwe kubwa kiasi cha kumchosha atakayeandika barua ya kuifukuza. Kufuli akaenda mbali zaidi, akasema kuna mashine ya kutobolea karatasi za faili humo dukani, itoboe mkataba pale palipo na tarehe ya mwisho, tundu safi la mviringo, nani atakulaumu kwa kuweka karatasi kwenye faili. Yule mama akasema mume wake hata foleni hawezi kuruka. Alikuwa akimtikisa mtoto ambaye hakuwa analia, saa tisa na dakika ishirini na tano, tisa na nusu, na kila alipotaka kusema ukurasa wa nne kifuniko kilikuwa mkononi mwa mwingine.

Ndipo akaja mwanamke mwenye aproni ya usafi na pasipoti nne mkononi. Akauliza kama mashine inafanya kazi, akaambiwa ndiyo kwanza imeamka. Stempu, kwa adabu, akammiminia mgeni. Kikawa kifuniko cha mwisho, chupa ikatoa matone na hewa. Mgeni akanywa, akasikia kinachozungumzwa, na kwa kuwa kifuniko kilikuwa chake, akauliza.

— Samahani, mimi naanza tu. Kati yenu nani alikwisha kuupata huo ukaazi, nimfuate njia yake?

Kufuli akaitazama ofisi. Mama Pasi akakuta uzi kwenye sketi yake, akaanza kuuvuta.

— Mzee, akasema yule mama polepole. Wewe una miaka mingapi hapa?

— Kumi na tisa, akasema Stempu. Kibali nakiongeza kila mwaka. Ukaazi bado nachunguza.

— Na nyinyi?

— Mimi kumi na mbili, akasema Kufuli. Sitaki kukurupuka.

Mama Pasi alisema ni kumi na nne, na kwamba mwaka juzi alikaribia kabisa kuamua.

Mgeni akamaliza kahawa, na kwa kuwa hakujua ampe nani, akampa aliyekuwa karibu. Kifuniko kikafika kwa yule mama kitupu. Akakishika kwa mikono miwili, akasema haraka kabla haijatokea kingine:

— Ukurasa wa nne wameandika kwamba fomu ya pointi ikishapokelewa, wewe na familia yako mnaruhusiwa kukaa mpaka mjibiwe. Hata kazi ikiisha. Wameandika hivyo.

Hakuna aliyedakia, maana hakuwa amerudisha kifuniko.

Stempu akaomba kuuona huo ukurasa. Akausoma, akavua miwani, akausoma tena.

— Ni kweli, akasema. Sikuwahi kufika ukurasa wa nne.

Saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Yule mama akaenda kutoa nakala yake, akaitia kwenye bahasha nene. Ile nyembamba akaikunja mara mbili, akaisokomeza kwenye mfuko wa nepi. Alijua atahesabu siku mwaka na nusu, lakini alikuwa amesimama.

— Ukipata uje utuambie ulipitia wapi, akasema Kufuli.

Stempu akasogea, akapangusa ubao kwa kiganja, akamwambia mwenye aproni akae, kahawa nyingine inachemshwa sasa hivi, na jambo hili linataka utulivu.

Mwenye aproni akautazama ubao, jinsi ulivyobonyea sehemu tatu. Kisha akazikusanya pasipoti zake.

— Dada, akamwita yule mama aliyekuwa ameshafika ukingoni mwa barabara. Hizo fomu za pointi, hata za mwaka ujao, wanatoa dirisha gani?