Kapteni Anaomba Tena Kazi ya Ndege

Benchi lipo mbele ya duka la kinyozi, mahali njia mbili zinapokutana, na mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali. Mimi huweka jiko na birika langu pembeni, mtoto mgongoni, namimina kahawa na kunyamaza. Siku hiyo walikuwepo watatu wa kila siku: Kinyozi mwenyewe, Soli fundi viatu, na Redio, ambaye kazi yake haijulikani ila hazimwi. Wa nne alikuwa mume wangu. Wanamwita Kapteni kwa sababu ni rubani kweli. Alikuwa akirusha kindege cha mizigo mpaka kampuni ilipofungwa. Mwaka jana shirika kubwa la ndege lilimwita kwenye usaili, akakataa. Sasa limetangaza nafasi tena, na mwisho wa kuomba ulikuwa jioni ile. Maombi yalikuwa tayari kwenye simu yake, yamebaki kutumwa tu. Rubani akikaa sana bila kuruka, leseni yake hufa, na ya mume wangu ilikuwa imeanza kukata roho.

— Usitume, alisema Soli. Wale wanakukumbuka.

— Watanikumbukaje? Wanaita watu wengi.

— Kapteni, mtu humsahau aliyemsaidia. Aliyemkataa hamsahau.

— Lakini ninyi ndio mlioniambia nikatae.

Kinyozi akaanza kupangusa kiti kilichokuwa safi. Ni kweli, mwaka jana benchi zima lilimshauri kwamba kazi ni kama posa: binti akikubali siku ya kwanza, anashuka thamani. Akatae mara moja, watarudi wakibembeleza. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuitwa kwenye usaili, lakini posa wanazijua. Shirika halikurudi.

— Tulisema ukatae kwa madaha, Redio alijitetea. Wewe uliwaambiaje?

— Kwamba sitaweza kufika.

— Ona sasa. Madaha yako wapi hapo? Umewapa makavu.

— Watamuuliza kwa nini, alisema Kinyozi. Kapteni, sema uliugua.

— Rubani mgonjwa? Watampima mpaka kucha, alisema Soli. Aseme alifiwa.

— Na nani?

— Mama mkwe.

Nikasimamisha birika hewani. Mama yangu alikuwa nyumbani kwetu saa ileile, anafua nepi.

— Shemeji, usinitazame hivyo, Soli akaniambia. Ni kifo cha kikazi tu. Anazikwa leo, kesho anakula.

Walicheka wote isipokuwa mume wangu. Alikuwa ameshika kikombe karibu na mdomo kwa muda mrefu na kahawa haijapungua.

— Mnahangaika na maneno, alisema Redio. Mimi naogopa kingine. Watamwita makusudi. Watamtia kwenye ile mashine ya majaribio, wazime injini moja, wazime na ya pili, wafunge mlango, waende kula.

— Mashine ile hairuki, Redio, mume wangu alisema. Ni chumba tu chenye usukani na vioo.

— Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Utaanguka na hutafika chini.

Mtoto alijinyoosha mgongoni, nikamtikisa polepole.

— Aliye juu mngoje chini, Kinyozi akaongeza. Wahenga walikuwa wanawasema marubani.

— Wahenga walikuwa na ndege? mume wangu aliuliza.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa. Hivyo vilivyoelea ni nini?

— Na mashirika yote ni ndugu, alisema Soli, akigonga kisigino cha kiatu. Likikukataa hili, Kapteni, hata kunguru hatatua kwenye bati lako.

Kiatu kile kilikuwa cha dada mmoja mwenye sare ya hospitali. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshika nguzo, anasubiri. Hatukuwahi kumwona pale. Akamgeukia mume wangu.

— Samahani, kaka. Wakikuita, safari hii utakwenda?

Nyundo ya Soli ikabaki juu. Redio alifungua mdomo, akaufunga. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

— Swali gani hilo, alisema Kinyozi.

— La kawaida tu, dada akajibu. Akavaa kiatu chake, akakanyaga chini kukijaribu, akashukuru, akaenda zake.

Walimtazama mume wangu. Yeye alinitazama mimi.

— Mama Mtoto, wewe unaonaje?

Mimi sisemi pale kwenye benchi. Lakini mwaka jana, tangu alipoitwa mpaka alipokataa, hakumaliza sahani hata moja ya chakula. Ushauri wao ulimkuta ameshaamua; ulimpa tu mahali pa kujificha. Hilo sikulisema.

— Naogopa, nikasema.

— Unaogopa wasiponiita?

— Wakikuita.

Akaweka kikombe chini.

— Hata mimi, alisema.

— Basi subiri mwakani, bwana, Redio akasema kwa upole kabisa. Mwenda pole hajikwai.

Mume wangu akachukua simu, akabonyeza kutuma. Simu ikatoa mlio mdogo. Soli akaninyooshea kikombe chake niongeze kahawa. Nikamimina, nyingi ikaenda mchangani.