Gauni la Kijani Lirudi Kabatini

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe binti yangu mkubwa usijifiche nyuma ya mgongo wa mdogo wako, maana macho yangu yamebaki nusu lakini hilo gauni la kijani nalijua. Nililipiga picha mwenyewe siku mkamwana wangu alipolivaa mara ya kwanza, akaniambia, "Baba, usininyooshe shingo kama twiga," nami nikamnyoosha vivyo hivyo. Leo asubuhi gauni hilo limeniletea uji likiwa mwilini mwako. Uji sikuunywa, na msimsingizie daktari kwamba ndiye aliyenikataza. Nilishikwa na kinyaa.

Nisikilizeni, wala msinikatize, kwa kuwa pumzi niliyobaki nayo haitoshi wosia na mabishano kwa pamoja. Mkamwana wangu yuko hospitali, amelala tangu ile pikipiki imgonge, hafumbui macho, hasemi, lakini anapumua. Nilimpigia daktari wake wakati mkono wangu ungali na nguvu ya kushika simu, akaniambia, "Mzee, hatujui bado." Katika watu wote waliofungua mdomo juu ya jambo hili, huyo peke yake ndiye aliyesema kweli, na ninyi mkasema ni daktari gani huyo asiyejua kitu.

Mkamleta yule mtumishi wa Mungu mwenye viatu vyeupe. Akafumba macho hapa hapa chumbani kwangu, akatokwa jasho, akatangaza kwamba Ijumaa mgonjwa ataamka aombe chai. Nikawaambia, jamani, Mungu si fundi cherehani wa kuwekewa siku ya kuchukua nguo, na hata fundi cherehani siku hiyo ukienda humkuti. Mkaniambia sina imani. Ijumaa ikapita, chai ikapoa, na Jumamosi kabati la mwenzenu likafunguliwa. Waliokuwa na imani ya kuhamisha milima wakahamisha magauni.

Wahenga walisema kufa kufaana. Walisema kufa, binti yangu, hawakusema kuugua. Najua tangu zamani kwamba kikulacho ki nguoni mwako, lakini sikudhani kwamba siku moja kitazivaa hizo nguo chenyewe, kisha kiniulize kama sukari imekolea.

Na wewe kitinda mimba wangu, mume wa mgonjwa, usiangalie dari ukadhani umesalimika. Juzi uliniletea mwanamke chumbani, ananukia kama aliyeangukiwa na duka zima la manukato, akapiga goti, "Shikamoo baba." Nikaitikia, kwa sababu adabu ni adabu. Kisha nikamsikia mjukuu wangu pale mlangoni akiuliza, "Shangazi, huyu ndiye nimwite mama?" na shangazi yake akamjibu, "Zoea tu, mwanangu." Nimezunguka miji mingi na kamera begani, nimelala stesheni, nimelala na mbuzi, nimekula vitu ambavyo mpaka leo sijui vilikuwa na miguu mingapi, na sikutapika. Juzi nilitapika. Ninyi mkasema ni ugonjwa.

Mnakikumbuka kile chumba cha giza cha kusafishia picha, nyuma ya studio yangu? Siku moja nilikuwa ndani nasafisha mkanda wa harusi ya mwalimu mkuu, na wewe, binti yangu, ukagonga, "Baba, zimetoka?" Nikasema bado. Ukagonga tena, nikasema bado, mwanangu, hata mimi sioni kitu, napapasa tu. Ukaamini baba yako anakuficha jambo, ukasukuma mlango. Mwanga ukaingia, na mkanda mzima, bibi harusi, bwana harusi, keki na mashangazi, ukawa mweusi kama sufuria ya bweni. Sikukuchapa. Mama yenu, Mungu amrehemu, alisema mwache, ni mtoto, atajifunza. Haya, umejifunza nini? Mvi zimekutoka na mkono ungali kwenye kitasa.

Mle ndani, wanangu, mtu hana la kujivunia. Picha ipo au haipo, anajua aliyeuumba mwanga. Wewe kazi yako ni kutikisa dawa polepole, kuilinda isipoe, na kuuweka mlango umefungwa. Nilikuwa nikiomba, tena si maombi ya kishujaa. Nilikuwa nasema, Mungu wangu, wewe unaona gizani, mimi kipofu na wateja wangu ni wakali. Basi. Mara nyingi picha zilitoka. Mara nyingine hazikutoka, na Mungu alibaki Mungu, na mimi nikabaki nakimbizwa mitaani na mabwana harusi wenye suti za kuazima.

Kwa hiyo msininukuu vibaya kesho mkiwa matangani. Sisemi ataamka. Sina cheo cha kumsemea Mungu. Ninachosema ni kwamba aliyemlaza hajatuambia kama amemaliza naye, na hujafa hujaumbika, na wewe unayemchagulia mwenzako mrithi wa kitanda angali anapumua humngoji Mungu, unamtangulia. Na kutangulia si kufika. Mwanangu, kama unaogopa, sema unaogopa. Lia. Mwanamume akilia kando ya kitanda cha mkewe hapungukiwi. Lakini usiuite woga wako mpango wa Mungu, maana hapo ndipo kichefuchefu kinaponirudia.

Nipeni maji. Si wewe. Wewe nenda kwanza ukalivue hilo gauni... La, kaa, usije ukasema hukusikia yaliyobaki.

Nyumba hii gawaneni, vyumba viko sawa sawa, gombanieni choo. Studio, kamera zote na kile chumba cha nyuma ni vya mkamwana wangu, kwa sababu macho yangu yalipoanza kuniaga ninyi mlisema siku hizi kila mtu ana simu, fungeni mlango huo, na yeye akaja akauliza, "Baba, dawa hii unaipasha moto kiasi gani?" Asipoamka, ni vya binti yake. Kabla Mungu hajasema lake, asiingie mpangaji, asiingie dalali, asiingie mwenye manukato. Magauni yote yafuliwe, yapigwe pasi, yarudi kabatini leo hii, hilo la kijani la kwanza. Na mtoto aambiwe ukweli mtupu: mama yako amelala, tunamngoja, hatujui. Ana akili, ni ninyi mnaomwogopa.

Kinyozi jirani wa studio tuligombana naye miaka mingi, kwa sababu kibao chake cha matangazo kiliziba changu. Mwambieni nimekiacha kizibe. Mkewe anakwenda kila siku kumchana nywele mgonjwa wenu, na ninyi hamjui hata yuko wodi ipi.

Haya. Nimewatukana ya kutosha. Ningekuwa siwapendi ningekunywa ule uji nikanyamaza. Mungu awasamehe. Awape subira, na aibu kidogo, si mbaya, aibu. Binti yangu, Mungu akupe mikono inayojua kungoja. Wewe mdogo... Mungu akurudishie... au akushike asipokurudishia. Semeni amina. Kwa sauti.

Sasa nendeni hospitali. Wote. Mchukueni mtoto. Msinikalie mimi, mimi hata kinyozi anajua ninakokwenda. Kaeni kwake. Mshikeni mkono, semeni naye, hata kama hajibu... semeni tu. Mwambieni mzee anakusalimu. Amesema... usiwe na haraka... studio ipo.

Ee Mola wangu. Wewe unaona.

Mbona bado mmekaa?